Shilingi Arobaini kwa Kila Pakiti

Sehemu ya Saba

Mkono ule ulikuwa bado begani mwake.

Mliosoma Jumamosi iliyopita mnaujua: mkono mnene wenye harufu ya sabuni ya kipande, uliotua begani mwa Wanjugu macho yake yakiwa kwenye kompyuta na roho yake ikiwa mkononi. Sauti iliyofuata mnaijua pia.

"Umeona nini?" Bwana Ndambiri aliuliza mara ya pili.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa nyama kabla hajalisoma, nitasema kwa kifupi. Wanjugu ni karani wa duka la Ndambiri mjini Embu, duka la mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Asubuhi hiyo tajiri wake alichoka kubadilisha bei mojamoja. Alimwamuru aingie kwenye sistimu, achague mbegu za mahindi zote kwa pamoja, na kila pakiti aiongezee shilingi arobaini juu ya bei ya kununulia. "Mambo ya asilimia yananipa kizunguzungu," alisema. "Weka arobaini kwa kila pakiti, ikuwe kubwa ikuwe ndogo."

Wanjugu akachagua zote, akaandika arobaini, akabonyeza.

Aina kumi na nane zilipata bei za kueleweka, mia tano na ishirini, mia tano na thelathini. Moja ikaanguka. Tausi, ile mbegu ya pakiti ya kilo mbili inayogombaniwa kila msimu, iliteremka kutoka mia tano na sitini hadi mia moja na kumi na mbili.

Sasa toa arobaini, msomaji. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Bwana Ndambiri alikuwa akinunua Tausi kwa shilingi sabini na mbili.

Hakuna kampuni chini ya jua inayouza mbegu ya mahindi kwa pesa hizo. Bei za kununulia zilikuwa zimefichwa, zikifunguliwa kwa neno la siri la tajiri mwenyewe. Lakini kompyuta haijui aibu. Ukiiambia iongeze arobaini, inaongeza, na siri inatoka nje bila nguo.

"Msichana, si nimekuuliza?"

"Nimeona sistimu imekosea, Mzee."

"Imekosea wapi?"

"Sijui, Mzee. Labda ni netiweki."

Ndambiri akacheka. Wanjugu alikuwa amemsikia akiomba kanisani mpaka kina mama wakalia, lakini kumsikia akicheka kazini ilikuwa mara ya kwanza, na hakutamani kusikia tena. Mkono ukaondoka begani. Nyayo zikaenda mlangoni. Ufunguo ukazunguka.

"Lete simu yako."

Alimpa. Angefanyaje? Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, mbele ya duka watu walikuwa wakinunua chumvi ya ng'ombe na kusalimiana, na ukuta mmoja tu ulimtenga nao. Lakini Wanjugu aliogopa. Tangu yule karani wa kwanza, Kiende, aache kazi ghafla bila kuaga mtu, alikuwa hajawahi kufungiwa ndani na mzee huyu.

"Baba yangu alikuwa na kibanda Kibugu," Ndambiri alisema, akitia ile simu mfukoni mwa koti. "Aliuza chumvi na mafuta ya taa. Alikuwa akiniambia, kijana, mteja unaweza kumdanganya ukitaka, lakini kitabu chako usikidanganye hata siku moja. Kwa hivyo mimi naandikanga bei ya ukweli, kila kitu. Ile nilinunua nayo ndio ile naandika."

Alisema kwa majivuno, kama mtu anayetoa ushuhuda. Mwizi aliyejiwekea kumbukumbu safi! Wahenga walimpa mwizi siku arobaini, lakini huyu alijitamkia arobaini zake kwa mdomo wake mwenyewe, akamwajiri na msichana wa kuzibonyeza.

"Nilisahau Tausi iko kwa hiyo kundi," alisema polepole. "Nilisahau tu. Na wewe sasa umejua."

"Mimi sijui kitu, Mzee."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Simu ikalia.

Ilikuwa ya Ndambiri. Aliyepiga ni Mwanatatu, muuzaji wa tawi la Gachoka, na kwa kuwa mzee alipenda kupaza simu ili mikono ibaki huru, Wanjugu akasikia kila neno.

"Mzee, kwani kumeendaje huko? Watu wamejaa hapa mpaka barabarani!"

"Watu gani?"

"Wa Tausi! Wote wamepata meseji ati Tausi ni mia moja na kumi na mbili. Nikaangalia kwa mashine, kumbe ni kweli. Nimeuza pakiti mia mbili na kitu. Hata wengine wameacha ibada ya mazishi!"

Ndambiri akageuka rangi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka sistimu ifanye hivyo: bei ikishuka, meseji iende kwa wakulima wote waliojiandikisha, wakimbie dukani. Ikipanda, meseji isiende, maana hakuwa mjinga. Na Embu na Gachoka zilitumia sistimu moja. Wanjugu alibonyeza mara moja tu, na simu mia sita na arobaini zikalia huko chini Mbeere.

Hapo ndipo hofu ya Wanjugu ilipobadilika. Mpaka dakika hiyo alijiogopea mwenyewe. Sasa alianza kuwaogopea wale watu. Pakiti mia mbili, na kila pakiti ni kipande cha shamba. Watu ambao kwa bei ya mia tano na sitini wangenunua moja, au wasinunue, sasa wanabeba sita. Yeye ndiye aliyewaita.

"Funga kwanza! Usiuze!" Ndambiri alifoka.

"Nifunge aje, Mzee? Wataniua! Mashine inakubali, wanaona bei kwa simu zao, nitawaambia nini mimi?"

"Ngoja basi. Tunarudisha bei saa hii."

Kabla hajamaliza, simu nyingine ikalia, safari hii ndani ya koti. Ndambiri aliitoa, akaangalia kioo, akamwonyesha Wanjugu. Palikuwa pameandikwa: MAMA.

"Mzee, tafadhali..."

Ndambiri aliweka kidole mdomoni. Akaipokea, akaipaza.

"Wanjugu! Mwanangu!" Ilikuwa sauti ya Ciakuthii, mama yake, akihema kama aliyekuwa akikimbia. "Nimepata Tausi! Pakiti sita! Nilikuwa wa kwanza kwa laini!"

"Mama Wanjugu, habari," alisema Ndambiri, na sauti yake ikawa ile ya Jumapili. "Ni mimi, bosi wa msichana wako. Yeye ako na kazi kidogo."

"Oi! Mzee Ndambiri! Mungu akubariki, Mzee. Kwa hiyo bei umetukumbuka kweli. Maana hata mahindi yetu mlinunua thelathini na sita tu kilo, na tulilia. Lakini leo umeturudishia."

Thelathini na sita.

Macho ya Wanjugu yakakutana na ya tajiri wake. Hakuna aliyekwepa.

Kilo moja ni thelathini na sita. Kilo mbili ni sabini na mbili.

Wanjugu aliikumbuka siku ile ya mwezi wa pili kana kwamba ni jana. Kanta, lile lori dogo la Ndambiri, ilishuka Gachoka kununua mahindi. Majirani walileta magunia yao nyumbani kwa Ciakuthii, kwa kuwa alikuwa na chumba kikavu na watu walimwamini. Fukusi walikuwa wameanza kutoboa punje, ada za shule zilikuwa zinangoja, na bei ilikuwa hiyohiyo, upende usipende. Ciakuthii aligawa pesa, kila mtu zake, na mwisho akatia dole gumba kwenye karatasi moja kwa niaba ya wote.

Kumbe mahindi yale hayakusagwa. Yalipakwa rangi ya kijani kama mbegu iliyotiwa dawa, yakafungwa kwa pakiti yenye picha ya ndege, na leo wenyewe wanauziwa tena. Nusu itaoza ardhini. Nusu itaota, ipande mpaka magotini, iwape magunzi. Na mvua ya Oktoba ndiyo mvua ya Mbeere. Ukiipoteza hiyo, mwaka umeupoteza.

"Mnapanda lini, Mama?" Ndambiri aliuliza kwa upole.

"Saa hii! Mawingu yamesimama juu ya Kiambere. Nimeita majirani tusaidiane, tunapanda kavu, mvua ipate mbegu chini."

"Mama, usi..." Wanjugu aliruka.

Mkono mnene ukamziba mdomo. Uliziba na pua pia.

"Panda, Mama," alisema Ndambiri, akitazama dirishani kana kwamba hakuwa ameshika mtu. "Panda yote. Mungu ameleta mvua na bei siku moja, utaongeza nini?"

"Amina, Mzee!"

Simu ikazimwa. Mkono ukaachia. Wanjugu alivuta hewa kwa kelele, machozi yakimtoka, na msomaji asidhani alikuwa anapanga ushujaa wowote. Alitaka tu kutoka kwenye chumba kile akiwa hai.

"Sikiza," alisema Ndambiri. "Chukua kalamu. Andika: Mimi, Wanjugu wa Gachoka, nilibadilisha bei ya Tausi bila kuambiwa na mwajiri wangu. Weka sahihi."

Aliandika. Herufi zilienda kombo kama za mlevi, lakini aliandika, akatia sahihi. Ndambiri akaikunja karatasi mara nne.

"Sasa rudisha bei. Mia tano na sitini. Halafu utapanda kanta na Munyi mpaka Gachoka, uwaambie watu kwa mdomo wako kwamba ni wewe ulikosea, na mzigo ile imebaki irudi huku. Wewe ni mtoto wao, watakuamini."

Akaenda dirishani kumwita Munyi, dereva, aliyekuwa akiosha vioo uani. Mgongo wake ukawa kwa Wanjugu.

Dakika moja, labda isifike.

Wanjugu akafungua ukurasa uleule. Mbegu za mahindi. Akatia alama kwa Tausi peke yake. Faida: kiasi maalum. Kishale kikapepesa ndani ya kisanduku kitupu, kikimngoja. Akiweka mia nne themanini na nane, bei inakuwa mia tano na sitini, duka linaendelea, Tausi inaendelea kuuzwa leo na kesho kwa wenye pesa zao. Alimtazama tajiri wake mgongoni.

Akaandika tisa. Akafuatisha sifuri, na sifuri, na sifuri, na sifuri.

Akabonyeza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Hebu nione."

Ndambiri aliinama mbele ya kioo. Kwenye mstari wa Tausi, kwa tarakimu nyeusi zisizofichika, palisimama 90,072. Tajiri alikunja uso, akarudisha kichwa nyuma, akakipeleka mbele.

"Nisomee. Miwani iko wapi?"

"Mia tano na sitini, Mzee."

"Mia tano na sitini..." Akapapasa mfuko wa koti. Akatoa simu ya Wanjugu, akairudisha. Akapapasa mfuko wa pili. Akatoa leso. Akapapasa wa suruali, na hapo Wanjugu akaona miwani yenyewe, juu ya kabati la faili, hatua mbili kutoka kichwa cha mzee.

Ndambiri akageuza kichwa upande wa kabati.

Honi ya kanta ikalia uani, mara mbili.

"Haya, nenda!" alisema Ndambiri, akifungua mlango. "Mvua haingojei mtu."

Munyi tumemshuku tangu sehemu ya tatu, na hakuna aliyetukosoa. Mtu wa maneno machache, macho mekundu, ambaye hakuna siku alimwambia Wanjugu zaidi ya "sasa". Kabla ya kuondoka, Ndambiri alimnong'oneza dirishani muda mrefu. Munyi aliitikia kwa kichwa tu.

Walitoka mjini. Hewa ikaanza kuwa moto kadiri walivyoteremka, migomba ikapungua, miti ya miiba ikaongezeka. Mbele yao, upande wa Kiambere, anga lilikuwa jeusi. Wanjugu alijaribu mkono wa mlango kwa siri.

"Haifunguki kwa ndani," alisema Munyi bila kumwangalia. "Mzee amesema usishuke njiani."

Kilomita tano zikapita. Simu ya Munyi ikalia juu ya dashibodi. Ilikuwa sauti ya Mwanatatu, karibu kulia.

"Munyi, mko wapi? Mashine imekuwa wazimu! Inasema Tausi moja ni elfu tisini! Nimeacha kuuza, wanaume wananitukana, mmoja ameuliza kama ndani kuna gari!"

Munyi alikata simu. Akamtazama Wanjugu mara moja, akarudisha macho barabarani. Simu ikalia tena, na safari hii akaiweka sikioni.

"Ndiyo, Mzee... Ako hapa... Ndiyo... Stoo gani? Ile ya nje?... Nimeelewa, Mzee."

Akapunguza mwendo. Akatoa kanta barabarani, akaiingiza nyuma ya rundo la mawe ya kujengea, mahali ambapo hakuna nyumba wala mbuzi. Akazima injini.

Wanjugu alianza kuomba kwa Kimbeere, kwa sauti, kama mtoto.

"Nyamaza," alisema Munyi. "Nyamaza nikuulize. Hiyo elfu tisini ni wewe umeweka?"

Wanjugu akaushika tena mkono wa mlango.

"Mzee ameambia mimi nikurudishe, nikufungie kwa ile stoo mpaka akuje mwenyewe. Sijawahi sikia akiongea hivyo. Hiyo Tausi iko na nini?"

Mtu akishafika mwisho wa hofu, huwa hana tena cha kuficha. Wanjugu akasema yote. Sabini na mbili. Thelathini na sita mara mbili. Chumba cha mama yake na magunia yale.

"Ni wewe uliyabeba, Munyi. Kwa hii gari."

Munyi akaweka mikono yake mikubwa juu ya usukani, na paji la uso juu ya mikono.

"Niliambiwa yanaenda kusagwa," alisema. "Msimu uliopita mimi nilipanda Tausi. Ekari mbili. Nilivuna debe moja, dada. Debe moja! Bibi yangu akasema ni dhambi zangu. Nilienda mpaka kwa pasta nikaombewa. Nililipa hata sadaka."

Akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu zaidi.

"Shamba ya mama yako iko wapi?"

Kanta iliteremka kuelekea Gachoka kwa kasi ambayo askari wa barabarani wasisikie habari zake. Simu ililia mara nane. Munyi akaitupa chini ya kiti.

Walimkuta Ciakuthii shambani pamoja na majirani wanne, wamejipanga mstari mmoja, jembe na mbegu, jembe na mbegu, wakicheka. Viganja vyao vilikuwa vimegeuka kijani kwa ile rangi. Pakiti tano tupu zilikuwa zimekunjwa vizuri chini ya jiwe, maana Ciakuthii hatupi kitu.

"Mama! Wacha! Wacheni wote!"

Ciakuthii alisimama wima. "Wanjugu? Kwani umefutwa kazi?"

"Mama, hii si mbegu. Ni mahindi. Ni yale yenu ya mwezi wa pili."

"Yetu gani? Hii ni Tausi. Umeniambia wewe mwenyewe kwa meseji."

Maneno hayo yalimchoma Wanjugu kuliko mkono wa Ndambiri. Akapiga magoti, akafukua shimo lililo karibu kwa kucha, akatoa punje, akaitemea mate na kuisugua kwa ukingo wa blauzi. Kijani kikatoka. Chini yake palikuwa na tundu dogo, mviringo, safi.

Ciakuthii aliichukua. Aliigeuza kidoleni, mara moja, mara mbili.

"Fukusi," alisema polepole. "Mbegu ya kampuni haiwezi kuwa na fukusi."

"Ndiyo, Mama."

"Nimepanda pakiti tano." Akawageukia majirani. "Mimi nimeita watu. Huyu, na huyu, wamenunua kwa sababu yangu. Niliwaambia mwanangu ndiye anaweka bei."

Jirani mmoja, mama mzee, akainama akaanza kufukua. Wa pili akamfuata. Mbegu kavu bado inaweza kutolewa, ikarudishwa dukani mbele ya macho ya watu, pesa ikatafuta mbegu ya kweli. Ikishalowa, nani atairudisha? Munyi akavua koti, akaingia mstarini na mikono yake mikubwa. Walifukua kama watu wanaotafuta mtoto chini ya ukuta ulioanguka.

Tone la kwanza lilimwangukia Wanjugu shingoni.

Kutoka mashamba ya mbali vigelegele vikapaa. Gachoka nzima ilikuwa imeingoja mvua ile tangu mwezi wa sita, watu walikuwa wamefunga na kuomba, na sasa ilikuwa inakuja ikitembea juu ya vumbi, na msichana mmoja tu alikuwa amepiga magoti akiisihi irudi ilikotoka. Kila kigelegele kilikuwa shamba lingine lililopandwa kwa mia moja na kumi na mbili.

Pikipiki ikaingia shambani.

Walikuwa wawili, maafisa wa polisi, makoti ya mvua yamefungwa mpaka shingoni. Wanjugu aliwaona akafikiri juu ya ile barua yake iliyokunjwa mara nne. Akasimama. Alikuwa tayari kwa hiyo. Njiani alikuwa ameshajiandalia hata maneno.

"Ni mimi mnatafuta," alisema. "Mimi ndiye Wanjugu."

Afisa mkubwa alimwangalia kwa mshangao. "Sisi hatutafuti Wanjugu," alisema. "Ciakuthii ni nani?"

"Ni mimi," alisema mama yake, akijipangusa uso kwa kiganja na kujiachia mstari wa kijani shavuni.

Afisa akatoa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, akaifunika kwa mkono isilowe. Wanjugu aliitambua kabla hajaisoma. Ilikuwa ya mwezi wa pili. Ila siku ile, kwa jinsi alivyoikumbuka, ilikuwa karatasi isiyo na maneno mengi, na sasa ilikuwa imejaa herufi za kompyuta kutoka juu hadi chini.

"Bwana Ndambiri ameleta malalamiko," alisema afisa. "Anasema aliuziwa mbegu bandia. Hapa imeandikwa: Nimemuuzia Bwana Ndambiri Tausi, pakiti elfu moja na mia mbili, shilingi sabini na mbili kwa kila pakiti. Muuzaji, Ciakuthii wa Gachoka." Akatupia jicho zile pakiti tano zilizokunjwa chini ya jiwe, kisha vile viganja. "Na hapa chini kuna kidole."

"Mama, usijibu!" Wanjugu alipiga kelele. "Usiseme kitu!"

Lakini Ciakuthii hakuwahi kwenda shule, na katika maisha yake yote hakuwahi kukana kitu alichokifanya. Alisogea karibu, akainama juu ya karatasi, akaliangalia lile dole gumba jeusi kwa makini, na matone yakazidi kumpiga mgongoni.

"Ndiyo, afisa," alisema. "Hicho ni changu."